Jibu Baada ya Kengele

Dada yangu mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima zote za mdogo kwa mkubwa wake. Je, miguu imeacha kuvimba? Na mkweo, bado anakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta? Mimi ni mzima, mkono tu ndio umechoka, kwa hiyo usishangae mwandiko. Tangu tulipotawanyika, wewe na njia yako nami na yangu, barua zako ndizo nyumba pekee ambayo haijanihamisha.

Lakini leo sikuandikii kwa upole. Nina hasira, na hasira ya mzee asiye na meno ni mbaya, humrudia mwenyewe tumboni.

Ni habari ya mjukuu wangu, binti wa mwanangu, yule wa miaka tisa. Mwalimu wake ana mchezo anaouita kipimo. Huinua kadi yenye picha iliyojaa madoa, watoto watambue kilichofichwa humo, ndege au kiatu, kisha hugonga kengele ya mezani. Jibu lililotoka kabla ya kengele lina alama. Lililotoka baada yake halina, hata likiwa sahihi. Mjukuu wangu hujibu baada ya kengele. Na hujibu sawasawa, dada, karibu kila mara! Wenzake hupiga kelele ndege, samaki, kofia, kama wachuuzi sokoni, na anayebahatisha hupigiwa makofi. Yeye hutazama. Mwalimu amempa jina la Kobe, darasa zima likalipokea, na mwezi huu tukaitwa kuarifiwa kwamba atahamishiwa chumba cha nyuma, pamoja na wale waliokwisha kukatiwa tamaa.

Unaijua kazi niliyofanya mpaka nikastaafu: kusoma kurasa kabla hazijachapwa. Hii ni nukta au ni doa la wino? Wapiga chapa walinitania kwamba nitaishia kutaga mayai juu ya ukurasa. Nililipwa kwa kutotamka mpaka nimeona. Leo mtoto anaadhibiwa kwa jambo lilelile lililonilisha.

Basi nikampeleka kwa mtafiti mmoja, binti mwenye subira anayechunguza ubongo wa watoto katika chuo kilicho karibu. Alimkalisha mbele ya kompyuta yenye vitone vinavyokimbia ovyo kama siafu waliomwagiwa maji, vichache tu vikielekea upande mmoja. Kazi ni kusema vinakwenda kushoto au kulia. Alinieleza kwamba kuona si kuamua. Ubongo hukusanya dalili tone kwa tone mpaka ndoo ijae, ndipo mtu aseme. Kwa mtoto matone huingia polepole, tena yamechanganyika na matope, kwa sababu njia za ndani bado zinajengwa. Na watoto wengi hungoja ndoo ijae zaidi kuliko mtu mzima. Miaka inavyokwenda mfereji hupanuka, na mtu huthubutu kwa maji machache. Mwenye kugonga kengele moja kwa watoto wote, alisema, anapima mambo mengi kwa mpigo bila kujua anapima lipi.

Nikamwomba awaandikie shule hayo. Akakataa! Alisema utafiti wake unahusu watoto wengi, hauwezi kumtolea hukumu mtoto mmoja aliyekaa kitini mara moja. Nilitoka pale nimefura. Nilipofika nyumbani ndipo nilipotambua kwamba naye alikuwa akingoja ndoo yake ijae, nikashindwa kumchukia.

Siku ya kikao mwalimu mkuu alitukaribisha kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua. Akasema dunia ya leo haimngoji mtu. Nilitaka kumtupia methali ya haraka na baraka, nikaona imepata kutu. Mwanangu alisogeza kiti chake karibu na meza. Mkewe akasema kwa sauti ndogo kwamba labda mtoto atapumzika huko nyuma. Mwalimu wa kengele akaongeza, huku akicheka, kwamba Kobe akiachwa avuke barabara peke yake atafika shuleni jioni.

Hapo ndipo niliposema, na sasa nakwambia nawe, nililokuwa nimewaficha wote. Dada, sioni. Katikati ya kila ninachokitazama pana kiza. Kingo tu ndizo zimebaki. Ni zaidi ya mwaka. Kila asubuhi walidhani babu anampeleka mjukuu shuleni, kumbe mjukuu ndiye anayempeleka babu. Siku moja nilitaka kuvuka pale kwenye kona ya malori, akagoma. Nikamfokea, mbona umeganda kama nguzo? Pikipiki ikapita, upepo wake ukainua koti langu. Sikuwa nimeona hata kivuli chake. Tangu siku hiyo yeye hutazama, hutazama tena, na habani kidole changu kuniashiria twende mpaka awe na hakika. Nikawaambia: mkimfundisha kubahatisha, mnizike mimi kwanza.

Sikuuona uso wa mwanangu. Nilisikia kiti chake kikirudi nyuma.

Kobe amebaki darasani mwake. Kengele imewekwa kabatini kwa muda, mwalimu mkuu akilitamka hilo kana kwamba ametoa zawadi. Nami nimenyang'anywa njia yangu ya asubuhi: mke wa mwanangu ndiye anayempeleka sasa, na mwanangu haniruhusu kushuka ngazi peke yangu. Ndiyo maana hasira haijapoa. Ili mtoto apewe muda wa kutazama, ilibidi mzee avuliwe nguo mbele ya watu.

Mwandiko huu ni wa mjukuu wetu. Mimi nasema, yeye anaandika, mchana baada ya mchana. Hapo juu nilimwita mwalimu mpuuzi, akakataa kuliandika neno hilo. Anasema yeye hajaamua bado.

Nisalimie wote walio chini ya dari lako, na huyo mkoromaji pia. Nimemwomba mjukuu wetu aongeze salamu zake mwenyewe. Anasema kwanza atazame. Simharakishi.

Ndugu yako wa tumbo moja,
Macho Manne, kama mlivyoniita utotoni

Bibi, shikamoo. Mwanzoni babu alisema ni mzima. Nimemtazama. Si mzima sana, lakini leo amecheka.