Nambari Kumi Anaposa

Sur, 9 Oktoba 1998

Mjomba Hamoud,

Shikamoo. Huu ni mwezi wa saba tangu niondoke Ibra. Mimi mzima, ila mgongo, na habari ya mgongo usimwambie mama. Wewe hujambo na presha yako? Jua la huku kwenye mtambo wa gesi linapiga mpaka chuma hakishikiki, na kazi yangu mimi ndiyo kukishika.

Khatti yako nimepewa na Khalaf dereva. Nilikuwa nimekaa juu ya bomba, nilipoisoma nikasimama. Yazeed anamposa Nada? Yazeed nambari kumi wetu? Na wewe unaniandikia "mabruk", kana kwamba umeniletea habari njema!

Baba hayupo, walii wa dada yangu ni mimi. Basi jibu langu ni kuwa sina jibu. Sisemi ndiyo, sisemi hapana. Wazee wake wakija wape kahawa na halua, waambie Marhoun bado anafikiri. Wakirudi, wape kahawa tena. Alipokuwa nahodha wa timu ya chuo chetu cha ualimu alikuwa akituweka benchi bila ya kutwambia mpaka lini. Sasa naye akae.

Nasikia pia chuo wataitundika jezi yake ukutani, asiivae mtu mwengine. Waitundike. Tangu yeye kumaliza, timu haijui hata mlango wa goli uko upande gani. Mtu akitoka nyumbani na nyumba ikaanguka, huyo aliijenga, au alikuwa ameishika tu kwa mkono?

Mpwa wako,
Marhoun


Ibra, 20 Oktoba 1998

Marhoun mwanangu,

Marahaba. Sisi salama, na presha yangu ilikuwa nzuri mpaka nilipokusoma. Mama yako anakusalimu sana, anasema upake mafuta ya karafuu mgongoni. Ndiyo, nimemwambia. Mimi si sanduku.

Usinihadithie habari za timu. Mimi ndiye niliyekuwa nikikupakieni nyuma ya pikapu kwenda mechi zote. Kabla ya Yazeed mlikuwa timu? Mlikuwa watu wanaokimbia! Huyu karudi kutoka Bujumbura, huyu Unguja, huyu kazaliwa hapa hapa, na wa hapa kazi yao kuwacheka wenzao Kiarabu chao. Ni Yazeed aliyesema, uwanjani tutaitana kwa Kiswahili, wapinzani wasielewe. Toka siku ile, waliokuwa wakichekwa mdomo ndio wakawa na mdomo. Hata Azzan, aliyekuwa hasemi darasani, alipiga kelele mpaka refa akamtisha kwa kadi. Hayo ndiyo aliyoyaacha Yazeed. Magoli ni nyongeza. Na kama timu haifungi leo, ni kwa sababu kila mtu anamngoja mwengine awe Yazeed.

Nada anamtaka. Nimemwuliza mwenyewe, wala hakunyamaza kama mabibi zake. Kasema, "Namtaka, mjomba. Na sababu ya kaka kukataa naijua. Ni duara, na ndani imejaa upepo."

Tena ujue: walii akizuia bila ya sababu ya sharia, mwanamke ana njia ya kwenda kwa kadhi. Usitufikishe huko, mwanangu.

Mjomba wako,
Hamoud


Sur, 2 Novemba 1998

Mjomba,

Shikamoo tena, na pole kwa presha. Mafuta ya karafuu nimepaka, sasa mgongo unauma na unanukia.

Mwambie Nada huo upepo nitamtolea mimi, na wewe usome pole pole, kwa sababu siku ile ulikuwa nyuma ya usukani unatafuta kivuli.

Fainali ya vyuo ilichezwa huku huku Sur. Mechi inakwisha, hakuna goli. Mpira wa juu unakuja, mimi beki wa kati nimeshainua mguu niuondoe. Nyuma yangu nasikia, "Niachie!" Nikaacha. Ndivyo Yazeed alivyotufundisha: ukisikia neno, mguu utii, usipoteze wakati kugeuka. Mpira ukanipita, mshambuliaji wa Sur akausukuma ndani taratibu kama mtu anayefunga dirisha. Nilipogeuka nikamwona Yazeed, mikono kichwani, ananitazama mimi.

Ndani ya pikapu yako akasema mbele ya wote: "Mimi sikusema kitu." Nani basi, jini? Kiswahili chetu watu wa Sur wangekijulia wapi?

Yeye alirudi nahodha, mimi nikarudi na jina. Nikipita sokoni Ibra watoto wananiita Niachie. Nikinunua samaki, muuzaji ananiuliza, "Nikufungie, au nikuachie?" Unajua kwa nini niliacha chuo, mjomba, ingawa mama anawaambia watu nilichoka kusoma. Leo wenzangu wanafundisha watoto, mimi nabeba mabomba. Hilo nalo litundikwe ukutani.

Kama Yazeed anamtaka dada yangu, akusanye watu walewale aseme, "Nilisema." Neno moja tu. Mpaka hapo, benchi, hata akiota mvi.

Mpwa wako,
Marhoun


Ibra, 23 Novemba 1998

Marhoun,

Mama yako hajambo. Nada ana maneno yake, utayakuta mwisho.

Nimempelekea Yazeed neno lako. Kaniambia, "Mjomba, kusema nilisema ni rahisi, na mke nitampata. Lakini nikimpata kwa uongo niliompa kaka yake, siku ya pili nitamtazama vipi?" Kanywa kahawa yake, kaondoka.

Mimi niliyempenda kwa ajili ya mpira, siku hiyo nilimpenda kwa ajili ya hilo.

Nada kashakwenda kwa kadhi, naye atakukalisheni nyote wawili Jumamosi, tarehe 12 Disemba. Kaniuliza sababu ya walii kuzuia. Nikasema, mpira. Kauliza, mpira gani? Watu wote mle ndani wakageuza nyuso wasicheke. Umeniaibisha, Marhoun.

Nada kaniachia maneno haya nikuandikie: "Siku ya ndoa yangu akija, aje kama mgeni. Aketi na wageni, ale, aondoke."

Hamoud


Sur, 6 Disemba 1998

Mjomba wangu,

Shikamoo. Najua hukuweka "mjomba wako" mwisho wa khatti. Nimeliona. Mimi mzima, mguu pia mzima, na sasa hivi utajua kwa nini nautaja.

Wiki hii genge letu limeongezwa mtu, Mabrouk, wa Aija, mtaa wa hapa hapa Sur, ng'ambo ya pili ya khori, ule mkono wa bahari. Ana ndevu nyingi, na kazini sote tunajifunga vitambaa usoni kwa vumbi, kwa hiyo sikumjua. Jana tunashusha bomba, mimi nimeshika mwisho wake. Nyuma yangu nikasikia, "Niachie!"

Mkono ukaacha wenyewe. Bomba likaanguka mchangani, ukucha mmoja kutoka mguu wangu. Mabrouk akacheka mpaka akakaa chini, akavua kitambaa. "Bado tu, ya Marhoun! Bado unaacha!"

Ndiye yule mshambuliaji wa Sur. Ndiye aliyefunga, na ndiye aliyesema.

Nikamkamata kola, nikamwuliza Kiswahili kakitoa wapi. Akaniambia, "Kwa bibi yangu Mahbouba, kazaliwa Unguja, Malindi. Nyinyi watu wa Ibra mnadhani Kiswahili kimekuja Oman kwa ndege pamoja na mabegi yenu? Aija tulikuwa tukitukanwa kwa Kiswahili hamjashuka bado. Mechi nzima nakusikieni, nyuma, geuka, mtu! Nikaona dhambi kunyamaza."

Wallahi nilitaka kumpiga. Kisha nikamwambia, utakuja Ibra uyaseme haya. Akasema, kwa nini nije? Nikamwambia kuna ndoa, kuna wali na nyama, na usipokuja mwenyewe nitakwenda na meno yako. Amekubali kwa sababu ya nyama.

Yazeed hakusema uongo. Nimelimeza hilo, bado linapita kooni. Lakini sikuachii hoja yangu. Nani alitufundisha kutii sauti bila ya kugeuka kutazama ni ya nani? Hakuwa na uongo, alikuwa na kiburi, na sisi sote tulikula kiburi chake tukidhani ni ufundi. Wewe utasema aliwapa watu mdomo. Sawa. Masikio je? Tutagombana nikifika.

Mwambie kadhi walii anakuja. Nitamwozesha Nada mwenyewe, mkono wangu ndani ya mkono wa Yazeed, nami nitaukamua mpaka vidole vyake vilie. Lakini kabla ya kadhi kusema lolote, timu nzima ikae barazani kwako. Azzan awepo. Muuza samaki awepo. Na watoto wa sokoni waite wote, hasa wale wenye sauti kubwa. Mabrouk asimame aseme mbele yao, na Yazeed akae mbele kabisa, asikie kuwa siri yake ya Kiswahili ilikuwa siri kwetu sisi wenyewe tu. Nimelingoja hilo kuliko yeye alivyomngoja Nada, na silisamehe.

Nada mwambie ugeni siutaki. Akinifungia mlango nitakaa nje mpaka majirani wamwonee haya.

Khalaf anatuchukua. Tutafika Alkhamisi, tarehe kumi, baada ya swala ya alasiri, inshallah.

Mpwa wako,
Marhoun