Wimbo Uliokuja na Gari la Mkwe

Jumapili, 7 Septemba
Ng'ombe wamekamuliwa. Uji nimekunywa. Nimekaza nyuzi za ritungu, kinanda chetu cha nyuzi nane, maana Jumamosi mjukuu wangu anaoa na mpigaji ni mimi. Nani mwingine? Kutoka hapa mpaka Tarime hakuna mwenye vidole kama hivi.
Nikapiga ule wimbo wa gari la mkwe wangu. Gari lilikuja kuukuu kutoka Japani, na sidii ya muziki imekwama ndani ya redio yake, haitoki mpaka leo. Mkwe anabeba abiria Mugumu, wimbo ni huo huo kutwa. Sasa soko zima linauimba. Wauza dagaa wanauimba. Jina lake hakuna anayelijua.

Jumatatu, 8 Septemba
Nimegombana na Nyamhanga. Ni rika langu. Tulitahiriwa pamoja, na tangu siku ile anashindana na mimi. Tulikuwa kwenye chungu cha pombe, mirija mdomoni. Akasema wimbo ule ni wa Kongo. Nikasema wa Japani.
"Basi taja jina lake, wewe Mwita unayejua yote."
Nikasema nitalitaja Jumamosi, mbele ya watu. Nisipolitaja, kigoda changu cha mbele kwenye chungu cha wazee achukue yeye, mimi nikanywe na vijana. Wazee wakaitikia. Imeshakuwa.
Sijui kwa nini nilisema. Lakini sirudi nyuma.

Jumatano, 10 Septemba
Binti yangu Bhoke, mke wa huyo mwenye gari, amekuja. Ni mpishi kwenye hoteli ya watalii kule Ikoma. Kaingiza simu ndani ya gari iusikilize wimbo. Simu ikazunguka weee, ikasema haijui. Simu ya bei yote ile!
Akacheka. "Baba, kesho tunapokea Wajapani. Njoo na ritungu uwaulize wenyewe."
Nimetoa koti. Nimeoga.

Alhamisi, 11 Septemba
Furaha ya leo siijui hata niiandikeje.
Wajapani wenyewe wazee wazee. Kofia kubwa. Adabu nyingi, wanainama. Nami nikainama, nikawashinda. Nikakaa nikapiga. Sijafika katikati, mama mmoja akaweka kikombe chini akaanza kuimba. Maneno yote! Mumewe akaingia. Meza nzima ikaingia. Mmoja analia na kucheka pamoja. Wapishi wakatoka jikoni na miiko yao, nao wanaujua, si wanapanda gari la mkwe. Tukaimba wote, mimi nikinguruma kwa chini. Nilikuwa nimeshinda. Nilikuwa namwona kabisa Nyamhanga ameinamisha kichwa.
Nikasema, Bhoke, waulize jina.
Mwongozaji wao akawauliza. Wakatazamana. Wakaanza kubishana. Yule mama anasema aliusikia kwenye redio ya jikoni alipoolewa. Mumewe anasema hapana, ni wa dukani, wanaupiga wakati wa kufunga. Mwingine anasema wa michezo ya shule. Jina? Hakuna. Wakatafuta kwenye simu zao, zikaleta nyimbo nyingine, wakatikisa vichwa. Wakacheka mpaka wakashika mbavu.
Mimi sikucheka. Halafu nikacheka.

Ijumaa, 12 Septemba
Naweza kubuni jina. Nitamke chochote kinachofanana na Kijapani. Nani atajua? Kigoda kinabaki changu, Nyamhanga ananyamaza.
Nimechunga na wazo hilo asubuhi yote. Limenitia tamaa, sifichi.
Lakini kwetu mtoto akipewa jina lisilo lake analia mpaka wazee walibadilishe. Wimbo ule unachekesha watu tu, huku na kwao. Sitakuwa mimi wa kuutoa machozi.
Nyamhanga mjinga.

Jumamosi, 13 Septemba
Harusi. Nilisimama nikasema: wimbo ni wa Japani, wenyewe wameuimba mbele yangu. Jina hawalijui. Na mimi silijui.
Nyamhanga hakungoja nimalize.
"Ondoka hapo, kijana!"
Watu wakaanguka kwa kicheko. Nikachukua mrija wangu nikaondoka. Ilinichoma. Vijana wakanipisha, shikamoo babu, shikamoo babu. Nikawaambia hapa sina ubabu, nipeni nafasi ninywe.
Halafu nikaupiga wimbo ule. Bibi harusi akaruka. Mabega ya watu yakaruka. Mama wakwe, wachunga ng'ombe, mwinjilisti, wote. Mimi nilijua, vidole hivi! Chungu cha vijana kikazingirwa na watu. Kile cha wazee kilibaki na Nyamhanga na nzi.
Hata yeye mguu ulikuwa unacheza. Nilimwona.

Jumatatu, 15 Septemba
Nimeanika ulezi. Nyamhanga kaja, kakaa kwenye gogo. Habari ya kigoda hakuitaja, wala mimi. Tukatazama kuku.
Baadaye akasema nipige ule.
Nikamuuliza upi, nyimbo zangu ni nyingi.
Akafikiri. Akakohoa. Akaanza kuuimba kwa pua, vibaya, kama ndama mwenye mafua.
Nilimwacha mpaka mwisho. Halafu nikachukua ritungu.