Mwanamke Aliyefutwa Uso

Mdogo wangu Zuhura,

Hujambo? Mimi sijambo, ila baridi ya huku Germantown, Marekani, inanitafuna magoti, na wewe mvivu hata barua huandiki.

Jana mjukuu wetu Salma alinipeleka mjini, kwenye jumba la makumbusho, kuona vitabu vya mashairi vya Waajemi wa zamani. Picha zake ndogo kama kiganja, zimepakwa dhahabu. Ukurasa mmoja una wanawake watatu bustanini, na wa katikati hana uso. Salma akanifasiria maneno ya mlinzi: kuna msomaji wa kale alimfuta kwa kidole alicholowesha mate. Zuhura, nilihama kulia, nikahama kushoto, yule asiye na macho ananitazama mimi tu.

"Bibi, usitachi kioo!" Salma akanikemea. Kumbe kidole changu kimeshafika palepale penye uso, na sijui kilifikaje.

Unajua nilivyomkwangua marehemu mke mwenzangu kwa sindano, kwenye picha ya harusi yake. Binti yake Mwanaidi amekua hajui sura ya mamake, na kila akiniuliza namwambia picha nyingine hakuna. Nilimdanganya. Ipo, nzima, chini kabisa ya sanduku langu, ndani ya kanga ya zambarau. Mpelekee leo, usingoje nirudi. Akinitukana, mwache anitukane, usinitetee.

Nawe jifunike vizuri usiku. Mdogo mwingine sina.

Dada yako,
Mwanahawa