Tela Langu Ndani ya Wigo wa Mama Mkwe

Kariakoo, Jumapili, Julai 1955

Kibaridi cha leo kimeniingia hadi kwenye vidole, na mgongo unaniuma kwa kusukuma gari kwenye mchanga wa Mapinga. Hata hivyo nimerudi na moyo mweupe, jambo ambalo jana mchana nisingelitegemea.

Niandike kwanza kinachoniudhi, maana kisipotoka hakitaniacha nilale.

Tela hili nimelijenga kwa mikono yangu. Ekseli ya gari bovu, mbao za masanduku ya chai, turubai la lori nililolikata nikalishona upya. Urefu futi saba, upana futi nne na nusu. Wanalala watu wawili wasiogombana. Sikusomea popote. Gereji niliingia kufagia, leo nashika spana. Lakini hapa mtaani nani ameniambia hongera? Wameliita banda la kuku. Jirani yangu Mzee Kombo, kila Jumamosi nikilifunga nyuma ya gari langu kuukuu, huuliza, "Leo kuku wanahamia wapi?"

Wacheke. Hawajui ninachobeba.

Siku sita mimi na mke wangu Zuhura tunaishi chumba kimoja, na kila upande wa ukuta kuna mpangaji. Tukizungumza tunanong'ona. Akicheka, hucheka na kanga mdomoni. Jumamosi gereji ikifungwa tunatoka na tela letu, Kunduchi, Mbweni, popote penye kivuli na maji ya kunywa, na Zuhura wa huko si huyu wa hapa. Anaimba akikuna nazi. Ananitania mpaka nakasirika. Huu ni mwaka wa tatu tangu tuoane, na kusema kweli mke wangu nimemjua pwani.

Juma hili akasema anataka Mlingotini, kwao.

Hapo ndipo hesabu zangu zilipokwenda mrama. Mimi na mama mkwe, Bi Tatu, tunaoneana haya kama inavyotakiwa. Hatutazamani usoni, hatuli pamoja, na mimi kulala chini ya paa lake ni jambo lisilosemeka. Siku zote nikifika hulazwa kwa Mjomba Salum, kaka yake, na Zuhura hulala kwa mama yake. Safari hii nikaona dawa ninayo: tela litasimama ufukweni, mbali na nyumba. Haya imelindwa, na mke ninaye. Nikabeba na mchele wetu, sukari yetu na jiko letu la mafuta ya taa, ili mama wa watu asisumbuke.

Nilijiona mkwe mwenye adabu kuliko wote wa pwani hii.

Jana tulipofika ufukweni, wali haujaiva, Mjomba Salum huyo, anakuja kofia mkononi. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Baba, umetufanya nini? Mji mzima unasema Bi Tatu kamfukuza mkwewe, anapika pwani kama baharia asiye na kwao!"

"Mjomba, nimekaa huku kwa heshima."

"Heshima gani yenye moshi?"

Hasira ikanipanda. Mzungu akilala ufukweni husemwa anapunga upepo. Mimi nikilala ufukweni, nimefukuzwa.

Mara Bi Tatu mwenyewe akatokea. Nikaruka ndani ya tela, nikashusha turubai. Akakaa kwenye gogo, mgongo kwetu, akaanza kusema na bintiye kwa sauti ya kufika Bagamoyo.

"Zuhura, mwambie mumeo mimi sina ugomvi naye."

"Mama anasema hana ugomvi na wewe," Zuhura akaliambia turubai.

"Mwambie mama hata mimi sina."

"Mwambie kama nyumba yangu inanuka, aseme."

"Mwambie hainuki hata kidogo! Ni haya tu."

"Basi mwambie leo wewe unalala kwangu. Na kuanzia leo mkija mje kama watu, kwa basi. Hilo sanduku libaki Dar es Salaam."

Neno hilo Zuhura hakulifikisha. Hakukuwa na haja. Nilikuwa nimekaa juu ya godoro la sufi nikiona Jumamosi zangu zote zinakwenda.

Kisha nikamsikia mke wangu, polepole, si kwa sauti ya kutumwa. "Mama, humo ndimo ninamokaa na mume wangu. Kule mjini tunakaa na watu."

Nikasikia gogo likilia, kama amegeuka kulitazama tela.

"Lina upana gani?" akauliza Bi Tatu.

"Futi nne na nusu, mama!" nikapayuka.

"Zuhura, mwambie mumeo nimekuuliza wewe."

Mjomba Salum akakohoa kuficha kicheko. Bi Tatu akasimama. "Litawekwa ndani ya wigo wangu. Atakuwa kwangu, na hatakuwa chini ya paa langu. Mwenye la kusema na aje aniambie mimi."

Tukalivuta hadi kwake. Nikamwambia Mjomba kwamba mlango wa wigo una futi tatu tu, nimeupima kwa macho. Akasema, "Sukuma, litapita." Halikupita. Lilikwama, na nusu ya kijiji imeshafika kutazama, kila mmoja na ushauri wake. Mwingine ananiambia nilikunje.

Bi Tatu akatoka na panga. Ni mjane, wigo ule wa makuti kaufunga mwenyewe mwaka huu. Akakata kamba, akang'oa fito, akaulaza upande mzima chini, mkono mmoja umeshika ushungi usianguke. Hakunitazama hata mara moja.

"Pitisheni," akasema.

Chakula cha jioni kililetwa na Zuhura: samaki wa kupaka, wali wa nazi, na ujumbe kwamba mchele wetu una mawe.

Leo asubuhi, kabla ya kuondoka, nikashika kamba niurudishie wigo wake. Sauti ikatoka nyuma ya mlango wa nyumba.

"Zuhura, mwambie asiguse! Nani anaziba njia ya wanawe? Patawekwa mlango mpana. Safari ijayo asilete mchele, alete bawaba."

Wanawe, kasema. Nilijifanya nakaza nati ya gurudumu ambayo ilikuwa imekaza.

Basi nimekaa hapa na kalamu, napiga hesabu. Mlango wa futi tano, mbao nzito, upepo wa bahari kila siku. Bawaba mbili zitalegea kabla ya mwezi. Tatu zinatosha. Kesho, kabla sijagusa gari la mtu yeyote, nazitengeneza.

Nitatia nne.