Filamu Yako Haikuishia Kwenye Ngazi

Kiboko, Jumapili alasiri

Ndugu yangu Muthui,

Hujambo wewe, na hapo nyumbani hawajambo? Miguu ya mama yetu, Mwaitu, inaendeleaje, bado inamvimba asubuhi? Na ng'ombe mmebaki na wangapi kwa kiangazi hiki? Usinijibu "tuko tu" kama kawaida yako, mimi nataka habari. Mimi ni mzima. Bado nafukuza ndege kwenye mtama wa shamba la utafiti, jua likichomoza mpaka lizame, na debe na kombeo, na kwa kupiga kelele sauti yangu imekuwa ya mwanaume. Ndege hawajui Jumapili, lakini leo si zamu yangu, ndiyo maana nimepata nafasi ya kuketi na kalamu.

Naandika kwa sababu kwenye simu unanikatia. Umenikatia mara mbili, halafu unasingizia network ya Tseikuru. Hii hata ukiikunja ukaitia mfukoni, maneno yatakuwa bado yako ndani.

Uliniambia niitafute ile filamu ya panga na farasi ambayo huonyeshwa hapo sokoni, niitazame mpaka mwisho, kisha nikuambie naionaje. Ulisema, "Dada, ukiona hiyo muvi utajua kile kiko kwa roho yangu." Basi nimeiona. Maoni yangu ni haya, uyapende usiyapende.

Niliitazama Jumapili iliyopita baada ya ibada, kwa Mama Ndunge, mwenye hoteli ya kando ya barabara ninakokula. Yeye ni shemasi kanisani kwetu, lakini televisheni yake haijui kulala. Dereva mmoja wa lori alikuwa amekwama siku ya tatu akingoja spea, naye ndiye aliyekuwa na hiyo filamu kwenye flashi, bila sauti ya DJ wa kutafsiri, na maandishi ya Kiingereza chini. Nikawa nawasomea. Mwingine alikuwa Mzee Athman, fundi cherehani, mmoja wa wale watu wa Mwingi ambao babu zao walitoka pwani. Yeye hushona hapo kwenye baraza, na siku hiyo aliacha cherehani akaingia.

Hadithi ni ile ile uliyonisimulia. Liwali mwovu anamuua baba wa kijana. Kijana anakimbia, anafunzwa upanga na mzee mwenye jicho moja, anavuka bahari, anaruka kutoka ukuta mpaka ukuta, anapigana na watu watatu juu ya paa. Sisi nasi tukawa mahakimu. Dereva akasema, "Huyu amedungwa mara tatu na shati bado ni nyeupe. Kwani huwa anafua na nini?" Mzee Athman macho yake yalikuwa kwenye nguo tu. "Hiyo koti iko na zipu. Wakati wa wafalme zipu ilitoka wapi?" Mama Ndunge alijifunika uso na leso kila wakipigana, huku akiniuliza, "Ameshakufa? Niambie kama ameshakufa." Nilicheka, Muthui, sikufichi. Sikuwa nimecheka tangu tumzike Baba.

Kisha kicheko kikanikauka. Kuna mahali kijana anamkata askari mara moja tu shingoni, askari anaanguka na kunyamaza, na farasi anapita juu yake. Dereva akapiga makofi. Mimi nikamkumbuka Baba. Wewe ndiye uliyembeba kutoka pale mtoni, na mimi ndiye niliyekaa naye kwenye wodi. Alikatwa mara moja, kama yule askari. Lakini Baba alichukua siku mbili. Aliomba maji na daktari alikuwa amekataza, na mimi nikamnyima, mtu aliyekatwa kwa sababu ya zamu ya kunywesha ng'ombe. Hiyo hawakuionyesha. Maoni yangu ya kwanza basi ni kwamba waliotengeneza hiyo filamu hawajawahi kukaa na mtu aliyekatwa.

Tukafika pale unapopenda, kwenye ngazi za jumba. Kijana anamuua liwali, watu wanashangilia. Uliniambia DJ wenu hapo hupaza sauti, "Mwanaume amemaliza kazi, kwaherini!" na nyinyi mnatoka nje mkirukaruka. Hata sisi tulipiga makofi, na Mama Ndunge akainuka kwenda kugeuza chapati. Lakini filamu haikuwa imeisha.

Kijana anapanda farasi, anarudi kwao, mwendo wa siku tatu. Anafika, mlango uko wazi. Chungu kimepinduliwa jikoni. Kiatu kimoja cha mama yake kiko uani. Wakati yeye alikuwa akimwinda liwali, watu wa liwali walikuwa wakimtafuta yeye, na walipomkosa wakaenda kwake. Anaita mama yake. Anaita dada yake, mara nyingi. Halafu anakaa kizingitini na upanga magotini, bila muziki wala neno lolote, mpaka majina ya waigizaji yanaanza kupanda.

Hoteli nzima ilikasirika. Dereva akasema, "Sasa hii mwisho ni ya nini? Wameharibu muvi." Mama Ndunge akasema, "Ningekuwa mimi, ningekata hapo kwa ngazi." Mzee Athman alirudi kwenye cherehani yake. Mimi nilienda nyuma ya hoteli nikatapika.

Juzi nilipita Makindu nikamuuliza kijana anayewawekea watu filamu kwenye flashi kwa nini ile ya DJ inaishia kwenye ngazi. Akaniambia, "Si walitoa hiyo sehemu, madam. Watu walikuwa wanalalamika. Nani anataka kuona nyumba tupu?"

Ndugu yangu, najua kuna panga chini ya kitanda chako, limefungwa ndani ya shati la Baba. Usimlaumu mkeo kwa kuniambia. Mwende ana mimba ya miezi saba na analala juu ya hilo panga kila siku. Yule mtu aliyemkata Baba, ambaye jina lake sitaliandika, yuko nje kwa bondi akingoja kesi, na ana ndugu wanne. Ukimuua, polisi watakuchukua. Utakuwa ndani ya kuta, na askari mlangoni. Hao ndugu wanne watakuja kwa nani? Mwaitu na miguu ile atakimbilia wapi?

Sasa niseme lile lililonifanya nitapike, maana halikuwa filamu. Siku ya mazishi, mbele ya watu wote, nilisimama nikasema Baba anazikwa kama mtu ambaye hakuzaa mtoto wa kiume. Nilikutazama wewe nikisema. Ulikuwa umeshika koleo, ukainama. Baada ya siku mbili nilipanda basi nikaja huku kupigia ndege kelele, nikakuachia hayo maneno ukae nayo. Hilo wazo la panga hukulitoa kwenye filamu ya sokoni. Nililitia mimi. Yalikuwa maneno mabaya na ya uongo, nami nayarudisha. Kwa kuwa niliyasema mbele ya watu, mwite mjomba Kimanzi aje uisome barua hii yeye na Mwaitu wakisikia. Panga umpe mjomba akatie miiba ya boma.

Kesi imeahirishwa mara tatu, najua, na unaniambia korti ni ya wenye pesa. Labda. Lakini kati ya wote waliokuwa pale mtoni siku ile, kila mmoja sasa anasema alikuwa amegeuka upande mwingine. Wewe peke yako hukugeuka. Ukimuua ukaingia jela, Baba atakuwa hana shahidi hata mmoja, na ndugu za yule mtu wataambiwa walifiwa na mtu asiye na hatia. Kusimama pale na kusema ulichoona, huku anakukodolea macho, naona ni kugumu kuliko kuruka ukuta. Ningeweza kukufanyia ningekufanyia, lakini mimi sikuwa pale mtoni.

Mama Ndunge anawasalimu, ingawa hamjuani. Msalimie Mwaitu, mwambie apake yale mafuta niliyotuma, asiyaweke akiba. Msalimie Mwende, umwambie abebe maji nusu mtungi tu, na mwanao wa kwanza mwambie shangazi anamuulizia. Mjomba Kimanzi mshike mkono kwa niaba yangu.

Nimeomba ruhusa kazini, nimekubaliwa. Siku ya kesi nitafika kortini kabla milango haijafunguliwa, nikae benchi ya mbele kabisa, ili ukiinua macho unione mimi, usimwone yeye.

Ni mimi dada yako niliyekukosea,
Syokau