Tiketi ya Kuja Harusini

Shikamoo Mama,

Tiketi ya ndege ya kuja harusini kwa dada nimeipata, asante. Huku sijambo, ila kazini rubani mzee alinisuta mbele ya watu. Eti mashine yetu ya kufundishia marubani ni ya uongo: ukiinua pua ya ndege mpaka mabawa yashindwe kuibeba, inashuka kwa adabu kama bibi harusi anayeketi. "Ndege ya kweli hutetemeka, halafu bawa moja linakutoroka kwenda chini!"

Nikairekebisha mwezi mzima. Jana tukaijaribu. Yeye alitoka akicheka: "Sasa ndiyo yenyewe, fundi!" Mimi nilitoka nikitambaa, na mashine yenyewe imefungwa kwa bolti sakafuni.

Mama, mwombe dada aahirishe harusi siku mbili tu. Nakuja kwa basi.

Kitindamimba wako