Rubani wa Matambara

Al-Sulay, Riyadh
Septemba 2014

Kwa dada yangu mpendwa Selipher,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako Onesmus. Habari za Jeddah? Watoto wa madam bado wanakupanda kichwani? Mimi mwili uko sawa, moyo ndio una shida. Barua hii anakuletea Bonface, dereva wetu, kwa kuwa madam wako amekunyang'anya simu. Nasikia kila anayetoka Riyadh unamuuliza kwa nini ndugu yetu Zacharia amenyamaza. Leo nitakuambia, lakini niache nianzie mwanzo, maana nikianzia mwisho sitaweza kuandika.

Mwezi wa saba bosi alileta hapa yadi ndege kuukuu ya vita, tuikate auze vyuma. Alisema haijawahi kupigana. Kazi yake ilikuwa sinema. Tulipokwaruza rangi tukakuta bendera juu ya bendera: sinema hii iliigiza adui, ile nyingine ikaigiza wenzetu. Matundu ya risasi yamechorwa kwa brashi. Mabomu ni mbao. Kwenye kiti amefungwa mkanda rubani wa matambara, na kofia ya ngozi na miwani. Zacharia, si unamjua kwa mzaha, kila asubuhi alimpigia saluti na kumuuliza kama ameshapata ikama, kibali cha kuishi huku. Tulicheka sana.

Sasa fikiria. Kila kitu pale kilikuwa uongo, tukaamini hata tangi ni la uongo. Gari likija hapa, kabla ya kukata tunajaza maji tangini kutoa mvuke wa petroli. Hiyo ndege hatukuijaza. Zacharia alisema mafi petroli, hamna kitu mle, akapanda juu ya bawa, akawasha gesi ya kukatia.

Tangi lililipuka. Moshi ulifunika kila kitu. Nilipanda nikipapasa, nikashika mabega ya mtu, nikakata mkanda bila hata kujiuliza mkanda umetoka wapi, nikamburuta nje. Nilimlaza chini, namwita Zacharia, Zacharia, nammwagia maji usoni. Uwii, dada yangu! Moshi ulipopungua niliona ile miwani. Ndugu yetu alikuwa upande wa pili, chini ya bawa, na wenzangu walipomfikia alikuwa ameshakata roho.

Tangu siku hiyo yule rubani haniachi. Nikifumba macho nahisi kichwa chake kikilala mkononi mwangu. Nusu ya ndege bado ipo, bosi anasema yalla, maliza, na mimi naogopa kuisogelea.

Tena kuna jambo linalonichoma zaidi. Kafili aliyetudhamini alisema mwili ungekaa friji hadi lini, heri nikubali azikwe huku. Mama hakuulizwa. Wewe hukuulizwa. Nikaweka kidole kwenye karatasi yao. Nisamehe.

Keziah wa nyumba ya pili akikuazima simu, mwambie mama polepole. Najua wazee watataka kuzika mgomba nyumbani badala ya mwili. Wazuie. Mgomba ni wa mtu asiyejulikana aliko, na Zacharia anajulikana. Walimleta huko huko Jeddah, makaburi ya Wakristo, upande wa Balad. Mimi sikuruhusiwa kumsindikiza. Muombe madam Ijumaa moja tu, dada, uende. Hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kusimama hapo.

Msalimie Keziah, na Mungu akushike mkono.

Ni mimi mdogo wako, sasa wa pekee,
Onesmus